Chakula kikavu cha mbwa: 18%, 28% au kisicho na nafaka? German Shepherd wangu anaharisha na kujikuna

#1 Baba Rambo
Wakuu, salaam.

Nina dume la German Shepherd anaitwa Rambo, ana miezi minne. Kwa mfugaji nilikomchukua alizoea uji wa lishe uliochanganywa na dagaa wa kusaga. Nimemhamishia chakula kikavu cha dukani, maana natoka Mbezi alfajiri kuwahi foleni na nyumbani habaki mtu wa kumpikia.

Duka la mifugo ninalonunua lina aina tatu. Ya kwanza inapimwa kwa kilo kutoka kwenye kiroba kilichofunguliwa, muuzaji anasema protini ni 18%, na ndiyo ya bei nafuu. Ya pili ni mfuko uliofungwa, wa mbwa wanaokua, protini 28% na mafuta 14%. Ya tatu imeandikwa kwa maandishi makubwa kwamba haina nafaka, protini 32%, na bei yake inakaribia mara mbili ya hiyo ya pili.

Nilianza na ya pili. Sasa choo chake ni laini, hakiokoteki, na anajikuna masikio na kwapa mpaka manyoya yameanza kupungua. Muuzaji anasema 28% ni kali kwa mtoto na itampinda miguu, nishuke kwenye 18%. Jirani yangu anasema mchawi ni mahindi, nipande kwenye ile ya tatu. Ajabu ni kwamba Chui, koko wetu mzee, anamwibia Rambo chakula hichohicho kila akipata upenyo na hana shida yoyote.

Nimsikilize nani?

#2 Mzee wa Kiluvya
Usimsikilize hata mmoja. Pika dona, tia dagaa, tia mafuta kidogo. Mbwa wa Tanganyika walilinda mashamba miaka yote kwa ugali na makombo, hakuna aliyesoma asilimia.

#3 Chuga Kwetu
Mzee wa Kiluvya amesema: *hakuna aliyesoma asilimia*

Shikamoo mzee. Lakini hao mbwa walikuwa wa kilo kumi na tano, na walijiongezea panya, mijusi na mifupa ya jirani. German Shepherd dume anakwenda mpaka kilo 30 hadi 40 na yuko ndani ya geti, kila kinachoingia mwilini mwake umempa wewe. Kukikosekana kitu hana pa kukitafuta.

Baba Rambo, swali moja tu: ulimhamisha vipi? Ulichanganya kidogokidogo au ulikata uji leo na kesho yake ukamwaga chakula kikavu?

#4 Baba Rambo
Nilikata moja kwa moja mkuu. Uji uliisha, mfuko ukafunguliwa.

#5 Chuga Kwetu
Basi hapo hapo. Utumbo wa mbwa unataka siku saba hadi kumi kuzoea chakula kipya. Unaanza robo mpya na robo tatu ya zamani, kisha nusu kwa nusu, unapanda hivyo. Choo laini baada ya kukata ghafla ni jambo la kawaida kabisa. Usibadilishe tena leo, utamvuruga zaidi.

#6 Dada Mifugo
Mimi ni daktari wa mifugo, nimesomea SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine, nafanya kazi Dar. Naweka sawa jambo moja kabla halijasambaa.

Habari ya protini nyingi kupinda miguu ya mbwa wakubwa si kweli. Uholanzi, pale Utrecht, walilisha watoto wa Great Dane, aina ya mbwa wakubwa sana, vyakula vya viwango tofauti vya protini, kuanzia karibu 15% hadi 32%, na hawakuona madhara ya mifupa yaliyotokana na protini. Kilichoharibu mifupa katika majaribio yao mengine ni kalsiamu iliyozidi. Mtoto wa mbwa mkubwa hana uwezo wa kukataa kalsiamu inayozidi, anaifyonza tu.

Kwa hiyo muuzaji kakuonya kuhusu kitu kisicho chenyewe. Geuza mfuko utafute kalsiamu. Viwango vya AAFCO, ile taasisi ya Marekani ambayo viwanda vingi duniani vinaifuata, vinataka chakula cha mbwa anayekua kiwe na protini isiyopungua 22.5% na kalsiamu isiyopungua 1.2%, vyote kwa kipimo cha chakula kikiwa kimeondolewa maji. Kwa mbwa atakayefika kilo 32 na kuendelea, kalsiamu isizidi 1.8%. Ile ya 18% ni kiwango cha chini cha mbwa mzima. Rambo asiwekwe huko.

#7 Mzee wa Kiluvya
Daktari, kwa hiyo ugali wangu una asilimia ngapi?

#8 Dada Mifugo
Shikamoo mzee. Unga wa mahindi una protini kama 8 au 9%. Wenyewe peke yake haumtoshi mbwa wa umri wowote. Dagaa ndio wanaobeba mzigo wote kwenye sufuria yako.

#9 Kirumba Fresh
Nakazia hapo kwa dagaa. Mimi niko Mwanza, biashara yangu ni hiyo. Dagaa mkavu msafi ana protini karibu 60%. Piga hesabu: ukitaka mchanganyiko wa 22% unahitaji kama robo ya dagaa na robo tatu ya unga, kwa uzani wa vikavu, kabla ya kutia maji. Watu wanaweka kiganja kimoja cha dagaa kwenye sufuria la ugali kisha wanalalamika mbwa hanenepi.

#10 Fundi Tabata
Kirumba Fresh amesema: *Dagaa mkavu msafi ana protini karibu 60%*

Neno kubwa hapo ni "msafi". Dagaa wa mbwa tunaouziwa huku Dar ni wale walioanikwa chini, nusu yake mchanga. Nikiloweka kwenye beseni, kinachobaki chini kinatosha kupigia plasta. Hiyo robo yako ya dagaa huku ni robo ya dagaa na mchanga wake.

#11 Kirumba Fresh
Fundi una haki. Ulizia wa chanja, walioanikwa juu ya nyavu. Bei iko juu kidogo ila unanunua samaki, hununui ufukwe. Na wa chini wasafishe kabla ya kusaga. Ukisaga kwanza, mchanga hautoki tena.

#12 Nakuru Kennels
Habari zenu wadau, nawasalimu kutoka Kenya. Mnagombania ugali na mnasahau hatari yake kubwa zaidi: sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka. Mahindi yaliyobunguliwa au kuvunda, yale ambayo mtu anaona aibu kuyapika nyumbani, ndiyo yanayosagwa kwa ajili ya mbwa. Mwaka 2004 huku kwetu, hasa Makueni na Kitui, watu zaidi ya 100 walikufa kwa mahindi yenye sumu hiyo. Mbwa ini lake ni dhaifu zaidi kwa sumukuvu kuliko wanyama wengi wa nyumbani. Kupika hakuiondoi.

Mimi nafuga mbwa aina ya Boerboel na nalisha cha mfuko tu. Kiwanda kinapima mahindi yake.

#13 Mzee wa Kiluvya
Na kiwanda kisipopima?

#14 Houston Mbongo
Mzee kauliza swali zuri. Mimi niko Texas. Mwishoni mwa 2020 kuingia 2021 huku Marekani zaidi ya mbwa 100 waliripotiwa kufa kwa chakula kikavu cha mfuko chenye sumukuvu, na kile kilikuwa cha kiwanda chenye mashine zote. Mwaka 2005 yalitokea vilevile kwenye kiwanda kingine. Mahindi ni mahindi, yawe ndani ya mfuko wa rangi au ndani ya gunia.

Tofauti ni kwamba cha mfuko kina namba ya toleo. Likitokea baya wanatangaza namba, unakagua mfuko wako na kuutupa. Sasa Baba Rambo akinunua kile cha kupimiwa kwenye kiroba, namba ataiona wapi?

#15 Mama Lulu
Houston umenigusa. Hicho cha kupimiwa mimi nilikikimbia. Unakuta kiroba kimeachwa wazi kutwa nzima, jua la mchana linakipiga, mwenye duka anachota kwa kopo lilelile la kuchotea pumba za kuku. Punje zinapakwa mafuta kwa nje kiwandani baada ya kukaushwa, ndiyo maana zinanukia. Mafuta hayo yakikaa wazi kwenye joto letu la Dar yanachacha. Nusa: kikichacha kina harufu ya rangi ya mafuta au karanga za zamani.

Na panya! Panya wanakojoa humo. Homa ya mgunda mmeshaisahau? Ile iliyotikisa Lindi mwaka 2022 inaenezwa na mikojo ya wanyama, panya wakiwa wa kwanza, na mbwa nao wanaumwa.

#16 Jirani Mwema
Jamani mbona mnamtisha mleta mada, kauliza kuhusu kujikuna. Mimi niko na yule jirani yake: nafaka ndiyo tatizo. Mbwa ni mbwamwitu, tangu lini mbwamwitu akalima mahindi? Mbwa wangu alikuwa anajikuna vibaya, nikamtoa kwenye nafaka, akapona. Sijarudi nyuma.

#17 Dada Mifugo
Jirani Mwema, mbwa wako kupona sikatai. Ila sababu inaweza kuwa nyingine, kwa sababu ulipobadilisha mfuko hukubadilisha nafaka peke yake. Ulibadilisha na nyama, na mafuta, na kila kitu kingine kilichokuwemo.

Hilo la mbwamwitu lilishapimwa. Watafiti wa Uppsala, Sweden, walichapisha mwaka 2013 kwamba mbwa wana nakala nyingi za jeni ya kumeng'enya wanga, kuanzia 4 hadi 30, wakati mbwamwitu wana 2. Mbwa alizoea chakula cha binadamu zamani sana. Wanga uliopikwa vizuri anaumeng'enya bila tabu.

Kuhusu mzio, mapitio ya tafiti yaliyotoka 2016 yalionyesha kuwa kati ya mbwa wenye mzio wa chakula, ng'ombe aliongoza kwa 34%, akafuata maziwa 17%, kuku 15%, ngano 13%. Mahindi yalikuwa chini zaidi. Baba Rambo, mfuko wako ni wa nyama gani?

#18 Baba Rambo
Asante dada. Mbele umeandikwa kuku, na picha ya kuku mzima wa kuchoma. Nyuma mpangilio ni: mahindi, unga wa nyama ya kuku, pumba ya ngano, mafuta ya kuku, soya, maini, madini. Kalsiamu 1.3%. Unyevu 10%.

Ile isiyo na nafaka inaanza na kuku mbichi, halafu njegere, dengu, viazi, unga wa njegere.

#19 Kalkuleta
Hapo kwenye "kuku mbichi" msidanganyike. Viambato vinapangwa kwa uzani wake kabla ya kupikwa. Kuku mbichi ni maji kama 70%. Kilo moja ikishakauka unabaki na gramu 300 hivi. Unga wa kuku umeshakaushwa tayari, kwa hiyo kilo ni kilo. Mfuko unaoanza na kuku mbichi unaweza kuwa na nyama kidogo kuliko ule ulioweka unga wa kuku nafasi ya pili.

Ujanja mwingine ni kugawanya. Njegere, unga wa njegere, halafu wengine wanaongeza na protini ya njegere. Zikitajwa mbalimbali kila moja inaonekana ndogo na kuku anabaki juu. Zijumlishe uone nani anaongoza. Hata hiyo 32% ya protini, sehemu yake kubwa inaweza kuwa ya njegere.

#20 Houston Mbongo
Na hizo njegere ndizo zilizozua balaa huku. FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, walitangaza Julai 2018 kwamba wanachunguza mbwa wanaopata ugonjwa wa moyo kutanuka, wakiwemo wa aina ambazo kwa kawaida hazina ugonjwa huo. Ripoti yao ya Juni 2019 ilisema zaidi ya 90% ya vyakula vilivyotajwa havikuwa na nafaka, na 93% vilikuwa na njegere au dengu. Ndiyo maana mimi nilirudi kwenye chenye wali na mahindi. Kisicho na nafaka kilipigwa marufuku.

#21 Nakuru Kennels
Hapana, hakikupigwa marufuku. Kinauzwa mpaka leo huko huko kwenu. FDA hawakuwahi kusema kimethibitika kuwa chanzo, na Desemba 2022 walisema hawatatoa taarifa nyingine mpaka wapate ushahidi mpya wa maana. Sema una wasiwasi, sawa, hata mimi ninao. Marufuku haipo.

#22 Houston Mbongo
Sawa, marufuku haipo. Wasiwasi wangu uko palepale.

#23 Jirani Mwema
Mnaona sasa? Mbwa wangu amepona, na FDA wenyewe hawajui. Nitaendelea na njegere zangu.

#24 Mtu wa Tanga
Samahani naingia kwa pembeni. Mimi Muislamu, mbwa wangu ni wa ulinzi wa shamba Muheza, analala nje. Kwenye mifuko nakuta "nyama na mazao yatokanayo na wanyama" bila kutaja mnyama. Naweza kujua kama kuna nguruwe? Yule kijana anayemlisha ndiye anayeshika kwa mkono.

#25 Fundi Tabata
Kumbe mbwa wa Muheza wanakula kitimoto kuliko sisi wa Tabata.

#26 Nakuru Kennels
Mtu wa Tanga, maneno hayo ya jumla ni ya lebo za Ulaya, yanaruhusu kiwanda kubadilisha mnyama kulingana na soko. Huwezi kujua kwa kusoma. Chagua mfuko unaotaja kila nyama kwa jina: kuku, samaki, kondoo. Na kijana mpatie kopo la kuchotea, ni usafi pia. Kwa lebo hizohizo, ukiona "pamoja na kuku", sheria inawataka waweke angalau 4% tu ya kuku.

#27 Mtu wa Tanga
Asante sana. Hiyo 4% sikuitegemea kabisa.

#28 Mzee wa Kiluvya
Asilimia nne! Halafu ugali wangu wenye kichwa kizima cha samaki mnaucheka.

#29 Bwana Mifugo Mstaafu
Nimesoma uzi wote na nashangaa mtoto wa miezi minne anaharisha na hakuna aliyeuliza dawa ya minyoo. Nimefanya kazi vijijini maisha yangu yote. Watoto wa mbwa huku kwetu wanazaliwa na minyoo ya mviringo tayari, wanaipata kwa mama tumboni, na safura wanaipata kwenye maziwa na kwenye udongo. Chui ni mzee, mwili wake umeshapigana na hayo, ndiyo maana anakula chakula kilekile bila kutetereka. Mpeleke choo kikapimwe kabla hujamaliza pesa kwa kubadilisha mifuko.

Na kujikuna kwapa na masikio, angalia viroboto na utitiri. Pangua manyoya ya kiunoni, karibu na mkia. Ukiona vumbi jeusi, liweke kwenye karatasi nyeupe yenye unyevu. Likigeuka wekundu, hicho ni kinyesi cha viroboto, ni damu yake mwenyewe.

#30 Dada Mifugo
Nakazia kwa mzee wangu. Mzio wa chakula ni jibu la mwisho baada ya kuondoa hayo yote. Na kuuthibitisha unahitaji kumlisha nyama ambayo hajawahi kuila pamoja na aina moja ya wanga kwa wiki nane hivi, bila kitu kingine kinywani, kisha unamrudishia chakula cha zamani uone kama muwasho unarudi. Akiiba mfupa mmoja katikati, unaanza upya.

#31 Fundi Tabata
Na Chui naye aache kuacha makombo.

#32 Kalkuleta
Kuna jambo moja zaidi limesahaulika: kiasi. Baba Rambo, unapima au unajaza bakuli?

#33 Baba Rambo
Najaza asubuhi kabla sijatoka, anakula mwenyewe mpaka nirudi.

#34 Kalkuleta
Hiyo peke yake inaweza kuharisha mtoto. Chakula kinapita kabla hakijameng'enywa.

Halafu kwa faida ya wengine wanaolinganisha bei. Msilinganishe bei ya kilo, linganisheni bei ya siku. Mbwa mzima wa kilo 30 anahitaji kama kilokalori 1,400 kwa siku. Chakula chenye kilokalori 3,300 kwa kilo atakula gramu 424. Chenye 3,900 atakula gramu 359. Kwa mwezi ni kilo 12.7 dhidi ya kilo 10.8. Kile cha pili kinaweza kuwa ghali kwa kilo na bado mfukoni mwako kikawa sawasawa. Na choo kinapungua, mwenye kufagia uwanja ataona tofauti kabla ya mwenye mbwa.

#35 Chuga Kwetu
Kuhusu kiasi, kuna utafiti wa miaka 14 wa mbwa 48 aina ya Labrador uliochapishwa 2002. Waliwalisha wawiliwawili kutoka uzao mmoja, mmoja akipata robo pungufu ya mwenzake, chakula kilekile. Waliokula pungufu waliishi kwa wastani wa kati miaka 13.0, wenzao 11.2. Hakuna mfuko wa laki ngapi unaokununulia karibu miaka miwili. Sisi Waafrika tukiona mbwa ana mbavu tunajisikia aibu kwa wageni, tunamjaza. Mbavu unatakiwa uziguse kwa urahisi kwa kiganja.

#36 Mama Lulu
Kwa German Shepherd mzima msimpe mlo mmoja mkubwa jioni halafu akakimbia. Kifua chao ni kirefu, tumbo linajaa gesi na kujisokota. Dume la dada yangu pale Kimara alikufa hivyo usiku mmoja, tumbo limekaza, anajaribu kutapika na hakitoki kitu. Gaweni mara mbili. Mtoto wa miezi minne mara tatu.

#37 Vingunguti Supply
Wadau, kwa wanaotaka kuongeza nyama, mapupu na bandama za ng'ombe zinapatikana machinjioni asubuhi kwa bei nzuri. Mbwa wanapenda kuliko hizo punje.

#38 Bwana Mifugo Mstaafu
Yachemshe. Mapupu na ini vikiwa na malengelenge ya maji, usimpe mbwa vibichi hata kama anakulilia. Mle ndani kuna mabuu ya tegu. Mbwa anapata tegu, anatoa mayai kwenye kinyesi, mtoto wako anacheza uwanjani anayameza, na malengelenge yanaota kwenye ini la mtoto. Turkana huko Kenya wameumizwa sana na ugonjwa huo. Na nyama tupu bila mfupa wala dagaa haina kalsiamu ya kutosha, mtoto wa mbwa anaweza kuvunjika miguu kwa kuruka kochi tu.

#39 Kijana wa Mapinga
Mimi nawapa wangu chakula cha broila, starter. Protini ipo, bei safi. Kuna ubaya?

#40 Dada Mifugo
Upo. Baadhi ya vyakula vya kuku vinatiwa dawa za kuzuia koksidiosisi (ugonjwa wa kuharisha wa kuku) kama monensini, na kwa mbwa dawa hizo ni sumu ya misuli na mishipa ya fahamu. Mbwa analegea miguu ya nyuma na mwenye mbwa anadhani kapigwa. Acha leo.

#41 Baba Rambo
Nimerudi na mrejesho wakuu. Nilimpeleka Rambo kwa daktari, choo kikapimwa, yameonekana mayai ya safura. Amepewa dawa, ataipata tena baada ya muda. Wakati huohuo nimeanza kumpimia chakula mara tatu kwa siku, na mfuko wa kwanza ulipoisha nilinunua wa aina ileile ya 28% kwenye duka jingine, uliofungwa, wenye tarehe ndefu.

Choo sasa kinaokoteka. Viroboto sijaona, nimefanya jaribio la karatasi nyeupe. Ila kujikuna hakujaisha, kumepungua tu.

#42 Bwana Mifugo Mstaafu
Niliwaambia. Minyoo.

#43 Chuga Kwetu
Mzee wangu, au ameshazoea chakula. Muda wa kuzoea nao umepita.

#44 Kalkuleta
Au bakuli. Kaacha kujaza bakuli.

#45 Mama Lulu
Au ule mfuko wa kwanza ulikuwa umekaa juani dukani. Kabadilisha duka, msisahau.

#46 Jirani Mwema
Na kujikuna? Mahindi bado yamo kwenye mfuko. Mimi nasimama palepale.

#47 Dada Mifugo
Kuku naye bado yumo, Jirani. Baba Rambo, mpe muda mpaka dozi ya pili ya minyoo ipite. Masikio yakaangaliwe kwa kifaa, utitiri wa masikioni hauonekani kirahisi kwa macho yako. Akiendelea, njoo tupange hayo majuma manane kwa samaki na viazi vitamu, na Chui afungiwe upande mwingine wakati wa kula. Kwa sasa baki na huo mfuko, kalsiamu yake iko sawa kwa umri wake. Ukishafungua usiumimine kwenye ndoo tupu. Uweke mfuko wenyewe ndani ya ndoo, uufunge mdomo, ndoo iwe na kifuniko, na usitupe ile sehemu yenye namba ya toleo.

#48 Mzee wa Kiluvya
Samaki na viazi vitamu. Daktari, hapo tumeshakutana njiani, bado dona tu.

#49 Binti Kigamboni
Jamani nimefurahia uzi huu. Mimi sina mbwa ila paka wangu anakula chakula cha mbwa wa jirani kila siku na anaonekana ameshiba. Nimwache?

#50 Dada Mifugo
Usimwache. Paka hawezi kujitengenezea taurini, kirutubisho anachokihitaji, ya kumtosha, na chakula cha mbwa hakilazimiki kuwa nayo. Akiikosa taurini kwa muda mrefu anaharibika macho na moyo. Fungua uzi wake, tutakuja.